Mtungi wa jua kwenye lori la korosho

Binti mmoja wa Mikindani ameniletea swali hili. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, na sasa naandika hadithi ya kubuni inayotokea huku kwetu mwaka 2190. Ndani yake kuna kifaa nimekiita mtungi wa jua. Ukubwa wake ni kama mtungi wa gesi wa kilo 15, na ndani kunafanyika muunganiko wa nyuklia. Dereva anaufunga kwenye lori la korosho kutoka Tandahimba. Akifika Mtwara anauchomoa, anaubeba begani, anaupachika kwenye boti ya baba yake. Jumapili unapelekwa Newala kusukuma pampu ya maji. Kaka yangu anayesoma uhandisi kasema ni uongo mtupu. Je, haiingii akilini kabisa? Mafuta yake yanaweza kuchotwa baharini? Ukidondoka utalipuka kama bomu? Na ukiwa unafanya kazi unatoa mlio gani?"

Marahaba mwanangu. Maswali ni manne, na hilo la mlio ndilo lililonifanya nivute kiti. Watu wazima hawaniulizi mlio. Nitalifikia.

Kwanza kaka yako. Amesema uongo mtupu, na hapo ameteleza, maana muunganiko wa kubebeka upo tangu zamani na unafanya kazi kwenye fani ambayo Mtwara na Lindi tunaijua kwa jina: visima vya gesi. Wapimaji wa visima vya mafuta na gesi duniani wana chombo wanachokishusha shimoni kwa waya, chembamba kama tochi ndefu. Ndani yake kuna bomba lililofungwa, na ndani ya bomba chembe za deuteriamu, yaani haidrojeni nzito, zinasukumwa kwa umeme wa volti laki moja hivi zikagonge kibamba cha chuma kilichonyweshwa tritiamu, haidrojeni nzito zaidi. Baadhi ya viini vya atomu zake vinaungana kweli kweli, na huko ndiko kunakoitwa muunganiko. Vinatoa nyutroni, chembe ndogo za kiini zisizo na chaji, nyutroni zinapenya mwambani, na mwitikio wa mwamba unamwambia mpimaji wapi kuna maji na wapi kuna gesi. Huo ni muunganiko halali wa nyuklia, unabebwa na watu wawili, unapakiwa nyuma ya gari.

Sasa sikia hesabu yake. Chombo cha namna hiyo kikitoa nyutroni milioni mia moja kwa sekunde, nguvu yote inayozaliwa na muunganiko wake haifiki sehemu moja ya elfu ya wati. Kukiendesha kunakula makumi ya wati. Yaani unaweka ndoo unapata tone. Kwa hiyo kaka yako angesema hivi: kuunganisha viini kwenye kitu kidogo si kazi, kazi ni kupata zaidi ya ulichoweka. Angesema hivyo ningemuunga mkono.

Kwa nini ni kazi? Kiini cha atomu kina chaji chanya, na chanya kwa chanya vinasukumana. Ili viungane lazima vigongane kwa kasi kubwa mno, na kasi ya chembe ndiyo joto lenyewe. Jua linafanya hivyo kwenye jotoridi la digrii milioni 15 kwa sababu lina uzito wa kukandamiza. Sisi hatuna uzito huo, kwa hiyo tunalipia kwa joto: digrii milioni 100 hadi 150, mara kumi ya moyo wa jua. Hakuna sufuria ya kuhimili hapo. Gesi ikifika huko inakuwa plazma, yaani gesi ambayo atomu zake zimevuliwa elektroni, na inaning'inizwa kwa sumaku isiguse ukuta, au inabanwa kwa leza kwa muda mfupi mno.

Angalia tulipofika. Desemba 5, 2022, kwenye maabara ya Lawrence Livermore kule Marekani, leza 192 zilipiga punje moja ya mafuta kwa nishati ya megajuli 2.05, na punje ikarudisha megajuli 3.15. Dunia ilishangilia, na ilistahili. Lakini megajuli 3.15 kwa lugha ya LUKU hazifiki uniti moja. Na kuzichaji hizo leza kulivuta kwenye gridi megajuli kama 300, yaani uniti zaidi ya 80. Kule Culham, Uingereza, mtambo wa utafiti wa muunganiko uitwao JET mwaka 2023 ulitoa megajuli 69 kwa muda wa kama sekunde tano. Hizo ni uniti 19, za joto, si za umeme. Na kule kusini mwa Ufaransa wanajenga ITER, mtambo wenye uzito wa tani 23,000, wenye lengo la kutoa megawati 500 za joto kwa kuingiziwa megawati 50. Nao umekusudiwa kwa utafiti, hautazalisha umeme hata wa kuwasha taa ya getini.

Tani 23,000, na wewe unasema kilo 15. Ndiyo maana kaka yako alicheka.

Lakini usitupe daftari. Umebuni hadithi ya mwaka 2190, na mimi siwezi kuapa watu wa wakati huo watashindwa nini. Sumaku zimeshaanza kupungua ukubwa: mwaka 2021 kampuni moja ya Marekani pamoja na chuo cha MIT walijaribu sumaku ya tepu mpya za kupitisha umeme bila ukinzani, ikafika nguvu ya tesla 20. Sumaku ikiwa na nguvu zaidi, mtambo unaweza kuwa mdogo zaidi. Tuseme basi mjukuu wa mjukuu wako ameshatatua suala la plazma, ameiweka ndani ya mtungi. Hapo ndipo matatizo yako ya hadithi yanapoanza, na ndiyo ninayotaka tuyakalie, kwa sababu watunzi wengi wanahangaika na mafuta, ilhali mafuta ndiyo rahisi.

Tuyamalize mafuta haraka. Muunganiko ulio rahisi kuliko yote ni wa deuteriamu na tritiamu. Deuteriamu ni haidrojeni nzito na kweli imo baharini: kila tani ya maji ya bahari ina kama gramu 33. Debe moja la lita 20 ulilochota hapo Mikindani lina theluthi mbili ya gramu. Tritiamu haimo baharini kwa kiasi cha maana. Inaoza, nusu yake inapotea kila baada ya miaka 12.3, kwa hiyo inabidi itengenezwe kwa kuipiga lithiamu kwa nyutroni. Basi dereva wako hawezi kuzamisha ndoo na kuondoka. Atahitaji kiwanda cha kuchuja na kiwanda cha kupika. Ila akishapata, amepata: gramu moja ya mchanganyiko huo ina joto linalolingana na kama lita 9,000 za dizeli. Kwa hiyo kwenye hadithi usimpe mtu wasiwasi wa kuishiwa mafuta. Hakuna msisimko hapo.

Msisimko uko kwenye nyutroni.

Deuteriamu na tritiamu zikiungana, asilimia 80 ya nishati inaondoka na nyutroni. Nyutroni haina chaji, sumaku haiioni, ukuta wa chuma inaupita kama mbu anavyopita dirisha lisilo na wavu. Nimekufanyia hesabu ya lori lako. Tuseme linataka kilowati 100 za umeme, na mtungi unageuza theluthi ya joto kuwa umeme. Ina maana ndani kunazaliwa kilowati 300, na kila sekunde zinatoka nyutroni zipatazo milioni mia moja mara bilioni moja: moja ikifuatwa na sifuri 17. Dereva aliyekaa mita moja kutoka hapo bila kinga anapata dozi ya kumuua kabla hajapepesa jicho.  Akiendelea kukaa hapo, ndani ya dakika chache lori litatembea halina dereva.

Kinga ipo, tena ya kawaida: maji. Nyutroni inagongana na haidrojeni ya maji inapunguza mwendo, kama gololi inayogonga gololi mwenzake. Ila yanatakiwa maji mengi. Chukua moyo wa mtambo wenye upana wa mita moja tu, uzungushie maji ya unene wa mita mbili kila upande. Hayo ni maji ya tani 65, na mita mbili zenyewe bado hazitoshi kumweka mtu karibu siku nzima. Lori la Tanzania mwisho wake mizani ni tani 56, pamoja na mzigo. Kwa hiyo lori lako litakamatwa mizani kabla halijapakia gunia moja la korosho, na hilo halihitaji mwaka 2190.

Zaidi ya hapo, chuma kinachopigwa na nyutroni chenyewe kinageuka kuwa na mionzi. Mtungi ukizimwa bado haushikiki. Hakuna baba wa Mikindani atakayekubali kitu hicho kipachikwe kwenye boti ya samaki.

Hapa ndipo ninapokushauri udanganye. Mtunzi ana ruhusa ya uongo mmoja mkubwa, ilimradi aulipie kila mahali kwingine. Wako uwe huu: mtungi hautumii tritiamu, unatumia haidrojeni ya kawaida na boroni. Viini hivyo vikiungana vinatoa viini vitatu vya heliamu, na nyutroni karibu hakuna, zinatokea kidogo tu kwenye matukio ya pembeni. Heliamu ile ina chaji, kwa hiyo sumaku inaishika, na mwendo wake unaweza kugeuzwa umeme moja kwa moja bila kuchemsha maji. Boroni si kitu cha ajabu, imo kwenye boraksi, ile unga mweupe masonara wanayotumia kuunganishia dhahabu. Gramu moja ya mafuta hayo ni sawa na lita 1,900 hivi za dizeli. Kidogo kuliko ile ya kwanza, lakini nani analalamika.

Kwa nini nasema ni uongo, wakati muunganiko wenyewe ni wa kweli na umeshafanywa maabara? Kwa sababu unataka zaidi ya digrii bilioni moja, na kwenye joto hilo elektroni za plazma zinamwaga nishati kwa eksirei karibu kwa kasi ile ile ambayo muunganiko unaizalisha, pengine zaidi. Ni kama kujaza pipa lenye tundu kubwa kuliko bomba. Wapo wanaolishughulikia hilo leo. Wewe andika kwamba mtu alishaziba tundu, usieleze alivyoliziba. Ukieleza, kaka yako atakushika. Sema tu kwamba mtungi una koti la madini ya risasi kwa ajili ya eksirei zinazobaki, na ndiyo maana ni mzito kuliko unavyoonekana. Na hapo begani hapatoshi tena: watu wawili na mti wa kupitishia kwenye vishikio vyake, kama wanavyobeba papa. Picha hiyo nzuri kuliko shujaa peke yake.

Sasa lipa deni. Deni lenyewe ni joto.

Nikusimulie kitu. Miaka ya nyuma niliitwa kufunga jenereta kwenye kiwanda kidogo cha barafu, huku huku pwani. Jenereta safi, imetoka kwenye boksi. Mwenye mali alikuwa anaogopa wezi na anaogopa kelele, kwa hiyo kabla sijafika alikuwa ameshaijengea kibanda cha matofali, mlango wa chuma, tundu moja la ukubwa wa sahani. Nikamwambia bosi hii itajinyonga. Akaniambia fundi wewe funga, mambo ya ujenzi niachie. Nikafunga. Tukawasha saa nne asubuhi. Saa tano kasorobo ikazima yenyewe. Tulipofungua mlango hewa iliyotoka ilitupiga usoni kama ya tanuri la mikate, na rangi mpya ya ukutani ilikuwa imeanza kufanya malengelenge. Jenereta haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa imefanya umeme wake, na theluthi mbili ya dizeli aliyoilipia ilikuwa imebaki ndani ya kibanda ikimsubiri. Tulibomoa kuta mbili siku hiyo hiyo, na barafu ya wavuvi ikayeyuka wakati tunabishana.

Kila mashine inayofanya kazi inatupa joto. Haijalishi mafuta yake ni kuni au jua. Mtungi wako tumeupa bahati kubwa, nusu ya nishati inageuka umeme. Lori la kubeba mzigo likipanda kilima linataka kilowati 150. Basi kilowati 150 nyingine ni joto ambalo lazima litoke ndani ya mtungi wenye ukubwa wa mtungi wa gesi. Hizo ni pasi mia moja za umeme, zimewashwa kwa pamoja, zimefungwa ndani ya kitu unachoweza kukikumbatia. Nilipiga hesabu ya eneo la ngozi ya mtungi, ni kama robo tatu ya mita ya mraba. Ukiuacha upoe wenyewe kwa kung'aa tu, ngozi itapanda hadi kama digrii 1,100. Umewahi kusimama kwa mhunzi? Ile rangi ya machungwa ya jembe linapotoka motoni, ndiyo rangi ya mtungi wako. Kisha dereva anaupiga begani.

Kwa hiyo lori la mwaka 2190 litabaki na pua. Hili ndilo jambo ningependa kuliona kwenye hadithi yako kuliko yote, kwa sababu sijaliona kwa wengine: magari yao ya kesho ni laini kama kokwa la embe, hayana tundu. La kwako liwe na rejeta kubwa mbele, lina feni, lina mabomba ya maji yanayoingia kwenye mtungi kwa viungio vya kubonyeza, na utingo wake kila akisimama anaangalia maji. Ukishafika hapo, umepata maisha. Barabara ya vumbi inaziba rejeta. Utingo anaipuliza kwa upepo wa tairi. Mtu akiuchomoa mtungi kabla haujapoa anasikia maji yakichemka kwenye viungio, na asiyejua anaungua vidole. Kila dereva wa zamani atakuwa na kovu moja mahali pale pale.

Kwenye boti mambo ni mepesi, bahari yenyewe ni rejeta. Maji lita tano kwa sekunde yakiingia na kutoka yakiwa yamepanda digrii saba, joto lote limeondoka. Lakini hapo usisahau chujio. Bahari ya kwetu ina mwani, ina chaza wanaojishikiza kwenye kila bomba, na baba wa mvuvi atatumia muda wake mwingi kuchokonoa chujio kwa kijiti, si kustaajabia nyuklia. Nimefanya kazi na injini za boti na nakuhakikishia ndivyo ilivyo.

Newala ndiko ulikonigusa. Wewe wa pwani sijui kama uliwahi kuishi ule uwanda wa Makonde kiangazi. Maji yako chini bondeni, watu wako juu, na historia nzima ya pale ni ya kina mama na ndoo kichwani kwenye mteremko. Mtungi wa kilowati 150 ukiendesha pampu nzuri, na maji yanapandishwa tuseme mita 300, utapata lita kama 35 kwa sekunde. Ndoo ya lita 20 inajaa kabla hujamaliza kutamka "ndoo". Lakini juu uwandani bahari haipo, na maji ni hayo hayo unayoyapandisha. Basi yapitishe kwanza kwenye mtungi yachukue joto, ndipo yapande. Yatafika Newala ya uvuguvugu tu, digrii moja hivi zaidi. Bibi mmoja kwenye hadithi yako anaweza kulalamika kuwa maji ya mtungi hayana ubaridi wa maji ya chemchemi. Atakuwa amekosea kwa kipimo na amepatia kwa hisia.

Na hapo ghalani kwenye korosho, joto lile lile la kutupa lina kazi. Korosho ghafi hupigwa mvuke kabla ya kubanguliwa, ili ganda lilegee. Lori limeegeshwa linasubiri foleni ya mnada, mtungi umewashwa lakini hausukumi kitu: waunganishe bomba, wapike mvuke. Kitu kama hicho kitamwonyesha msomaji kwamba watu wa huku walikichukua kifaa wakakifanya chao, hawakupewa na maelekezo yake.

Kabla sijaenda kwenye bomu, kitu kidogo kuhusu kuwasha. Muunganiko hauwaki kwa kiberiti. Lazima kwanza uipashe plazma kwa nishati ya kutoka nje, ndiyo zile megawati 50 za ITER. Mtungi wako basi utahitaji benki ya kapasita, vifaa vya kuhifadhi umeme na kuumwaga kwa mkupuo, ya kuuanzisha, na ukizimika porini kati ya Tandahimba na Mnivata wakati kapasita zimekwisha, hauwaki. Dereva atakaa juu ya gunia akisubiri lori jingine lije kumbusti, na waya mbili, kama leo. Ana mafuta ya mwaka mzima tumboni na hawezi kusogea hata hatua. Mimi ningeanzia sura ya kwanza hapo.

Bomu sasa. Hapana, mtungi haulipuki kama bomu la haidrojeni, hata ukidondoka kutoka juu ya gati la bandari. Bomu la haidrojeni linahitaji bomu jingine la nyuklia, la kupasua viini, ili libane mafuta yake kwa nguvu moja. Mtungi hauna kitu hicho. Ndani ya plazma kwa wakati wowote kuna mafuta kidogo mno; hata ndani ya ITER, chombo kikubwa kama jengo, hayazidi gramu chache. Na plazma ni deko kupita kiasi: ikiguswa na hewa kidogo, ikiyumba, inapoa papo hapo na muunganiko unakoma. Ni kibatari kwenye upepo. Hatari ya kweli iko kwingine. Sumaku zenye nguvu hiyo zimehifadhi nishati nyingi, na zikipoteza ghafla ule uwezo wa kupitisha umeme bila ukinzani, nishati hiyo inageuka joto sehemu moja, na kimiminika cha kupozea kinafumuka kuwa gesi. Kuna mshindo, kuna mvuke mweupe, chuma kinapasuka. Kapasita nazo zikipigwa shoti zinaua mtu. Kwa hiyo ukitaka ajali, iwe ya fundi: mtu mmoja, chumba kimoja, mlango uliofungwa. Mji mzima kuangamia hakutatokea, na msomaji mwerevu atakufungia kitabu ukijaribu.

Halafu mtu wa serikali lazima awepo. Nchini kwetu vyanzo vya mionzi vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, na sidhani kama mwaka 2190 mtungi utapita bandari ya Mtwara bila mtu mwenye kipimo cha mionzi, muhuri na daftari. Mpe jina na njaa ya mchana. Usimfanye mla rushwa kwa sababu tu ni mkaguzi, hilo limechoka.

Na vipuri, tafadhali. Wazee wa Nachingwea wanakumbuka hadithi za mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947. Matrekta yalishushwa kwa wingi, yakafa kwa kukosa vipuri na kwa ardhi ambayo hakuna aliyeiuliza, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Bandari ya Mtwara ilibaki. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga ikang'olewa baadaye. Mtungi wako unatengenezwa wapi? Ukiharibika kiungio cha maji, kinachongwa Chikongola, hapo Mtwara mjini, au kinasubiriwa miezi mitatu kwa meli? Jibu hilo litakuambia hadithi yako inahusu nini kuliko nitakavyokuambia mimi.

Sasa mlio.

Muunganiko wenyewe hausikiki. Plazma iko ndani ya ombwe, yaani mahali pasipo hewa, na sauti haipiti kwenye ombwe. Kwa hiyo usiandike mngurumo, wala ule mvumo wa kutisha ambao watu huupa kila kitu cha nyuklia. Utasikia vitu vitatu vya kawaida kabisa. Wakati wa kuwasha, kapasita zikimwaga umeme, sumaku zitashtuka na mtungi utapiga "ta!" moja kavu, kama mtu amegonga ringi kwa spana. Kisha pampu ya maji, mvumo mwembamba usiobadilika, ambao dereva baada ya wiki hausikii tena, anausikia ukikoma tu. Na tatu ni feni ya rejeta. Lori tupu kwenye tambarare feni imelala, lori linapita kimya, kuku hawakimbii. Lakini likiwa na mzigo, likianza kupanda, feni inaamka. Kwa hiyo watu wa mlimani watalitambua lori lako usiku kwa kelele ya upepo, na mwenye sikio atajua kwa upepo huo limebeba magunia mangapi.